Shangazi, nauli ya kwenda kwenye nyota ni shilingi ngapi?

Shule zilipofungwa mwezi Juni nilichukua likizo ya wiki moja, nikapanda basi kwenda nyumbani Iringa kumsalimia mama. Pale nyumbani anaishi pia wifi yangu na watoto wake wawili. Kaka yangu, baba wa watoto hao, ni dereva wa lori. Anapakia mzigo Dar es Salaam, anapita Tunduma, anavuka Zambia na kwenda kushusha Lubumbashi. Akiondoka, binti yake wa miaka minane huhesabu siku. Baba akisema atarudi Jumapili, huenda akafika Alhamisi ya wiki nyingine kwa sababu ya foleni za mpakani. Mtoto ameshazoea, lakini kuzoea si kufurahi.

Mwaka jana, nikiwa hapohapo nyumbani, umeme ulikatika usiku tukatoka nje kuota moto. Binti akatazama juu, kisha akaniuliza, "Shangazi, watu wanaweza kwenda kwenye nyota?"

Nilikuwa nimeinamia simu, namalizia habari ya chanjo iliyokuwa ikisubiriwa na mhariri. Nikamjibu bila kuinua macho, "Ndiyo. Ukisoma kwa bidii utafika."

Nikasahau. Yeye hakusahau.

Safari hii, usiku wa kwanza tu, baada ya kula alinifuata akiwa ameshika kopo tupu la maziwa ya unga, lenye tundu juu. Akalitikisa, sarafu zikalia. "Shangazi, hii ni nauli yangu. Nauli ya kwenda kwenye nyota ni shilingi ngapi?" Tulipozihesabu zilikuwa shilingi 7,350.

Wifi alicheka hadi akashika mbavu. "Mwache tu, wifi," akaniambia. "Akikua atajua mwenyewe."

Mzazi unayesoma hapa, najua umewahi kusema hivyo. Sote tumesema. Lakini nilimtazama yule mtoto, nikafikiria zile Jumapili anazoahidiwa na baba yake. Kaka yangu hadanganyi. Barabara ndiyo humwangusha. Mimi nilidanganya, tena kwa uvivu tu. Mtoto alikuwa ameweka akiba mwaka mzima juu ya neno langu.

Nikamwomba anipe mpaka kesho usiku. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Niulize kuhusu malaria, kliniki au lishe, nitakujibu. Nyota sikuzisomea. Kwa hiyo kesho yake nilishinda nasoma, na usiku tukatoka uani: mimi, binti, mdogo wake, wifi, na mama yangu aliyejifunika blanketi, maana Juni ya Iringa si mchezo.

Macho yazoee giza kwanza

Jambo la kwanza nililowaambia ni kuacha simu na tochi ndani. Hapa ni kwenye eneo langu la kazi, kwa hiyo nieleze kidogo.

Nyuma ya jicho kuna seli zinazopokea mwanga. Zipo zinazofanya kazi mchana na kutupatia rangi, na zipo zinazofanya kazi gizani. Hizi za gizani huchelewa kuamka. Zinahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo zione vizuri. Mtu akiwasha simu kwa sekunde chache tu, mnaanza upya. Ndiyo sababu watu wengi hutoka nje, hutazama juu dakika mbili, na kurudi ndani wakisema hakuna cha kuona.

Seli hizo hutegemea vitamini A, inayopatikana kwenye maini, mchicha, karoti, maembe, mapapai na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Mtoto anayejikwaa na kugonga vitu kila giza linapoingia, huku wenzake wanaona, mpeleke kituo cha afya. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asikose matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

Baada ya kama dakika 20, mdogo wake binti akasema, "Zimeongezeka." Hazikuwa zimeongezeka. Macho yake ndiyo yalikuwa yameamka.

Nyota ya jirani

Saa mbili usiku, mwezi Juni, ukitazama kusini ukiwa Tanzania utaona nyota nne zilizokaa kama msalaba. Huo ndio Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake kuna nyota mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba inaitwa Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja, lakini kwa darubini ni mbili zinazozungukana. Ipo na ya tatu, Proxima Centauri, hafifu mno kuonekana kwa macho. Hao ndio majirani wa karibu zaidi wa Jua letu kati ya nyota zote. Watoto wa Ulaya hawaioni Alpha Centauri kutoka kwao. Sisi tunaiona tukiwa uani.

Nikamwambia binti, "Kama ni kwenda, tutaanza na hiyo. Ndiyo ya karibu."

"Ni mbali kama Lubumbashi?"

Swali zuri. Kipimo chake cha umbali ni lori la baba yake, basi tukaanza nalo. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana, bila foleni wala kulala, litafika mwezini baada ya siku 200. Litafika kwenye Jua baada ya zaidi ya miaka 210. Kwenye ile nyota ya jirani litafika baada ya zaidi ya miaka milioni 50.

Nilimwona amepotea. Milioni 50 haina maana kwa mtoto, na sina hakika kama ina maana kwangu. Ndipo nikaenda jikoni nikachukua punje ya mahindi.

Punje ya mahindi na barabara ya Dodoma

Hili mnaweza kulifanya hata nyinyi, halihitaji fedha.

Weka punje moja ya mahindi chini. Hiyo ndiyo Jua. Piga hatua moja ndefu ya mtu mzima, kama mita moja. Hapo ulipofika ndipo Dunia ilipo, na kwa kipimo hicho Dunia yote, pamoja na bahari zake na malori yake, ni chembe ya vumbi ambayo huwezi kuiona vizuri. Mwezi uko karibu na chembe hiyo kwa upana wa punje ya mchele. Huo upana wa punje ya mchele ndio umbali mkubwa zaidi ambao binadamu amewahi kusafiri.

Sasa tembea. Ukifika hatua ya 30 umefika kwenye Neptune, sayari ya mwisho kabisa. Kwetu hapo ni kwenye banda la kuku.

"Na nyota?" akauliza binti, akiwa amesimama bandani.

"Nyota ni punje nyingine ya mahindi," nikamwambia. "Iko Dodoma. Imepita Dodoma kidogo."

Kwa kipimo hicho, hatua moja kutoka kwenye Jua hadi duniani, nyota ya jirani iko kilomita 270 hivi. Barabara ya kutoka Iringa hadi Dodoma ni kama kilomita 260. Binti aliwahi kuipita kwa basi akienda kwa shangazi mwingine, na alitapika mara mbili. Anaikumbuka vizuri sana. Aliitazama ile punje ya mahindi, akaitazama barabara, akakaa chini.

Nuru yenyewe, inayokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutumia dakika nane na kidogo kutoka kwenye Jua kutufikia. Kutoka Alpha Centauri hutumia miaka minne na miezi kadhaa. Nikamwambia, "Nuru unayoiona sasa iliondoka pale ulipokuwa na miaka mitatu, hujaanza hata chekechea."

Waliokwisha kuondoka

"Kuna mtu ameshaanza kwenda?"

Mtu, hapana. Chombo, ndiyo. Mwaka 1977 Marekani ilirusha chombo kisicho na mtu kinachoitwa Voyager 1. Kinakimbia kilomita 17 hivi kwa sekunde. Mwaka 2012 kilitoka kwenye eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, kikaingia kwenye anga lililo kati ya nyota na nyota. Ndicho kitu cha mbali zaidi kilichowahi kutengenezwa kwa mikono ya watu. Habari zake hutumia karibu siku nzima kutufikia.

Kwenye kipimo chetu cha punje ya mahindi, Voyager 1 imetembea hatua 170 hivi. Kwa karibu miaka 50, haijafika hata kwa mwenye kiti wa kitongoji. Kufika umbali wa nyota ya jirani ingehitaji zaidi ya miaka 70,000.

Wanasayansi hawajakaa tu. Mwaka 2016, huko New York, tajiri Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza mradi wa kutuma vyombo vidogo mno, vya gramu chache, vyenye tanga jepesi linalosukumwa na miale mikali ya leza kutoka duniani. Vikifikia moja ya tano ya kasi ya nuru, vingefika baada ya miaka kama 20, na picha zingetufikia miaka minne na zaidi baadaye. Hesabu zinakubali, lakini hadi leo hakuna hata kimoja kilichorushwa kwenda huko. Na hata vikirushwa, ndani yake hamna kiti cha abiria.

Mwili nao una neno

Wengi tunapofikiria safari hizi tunafikiria injini. Mimi, kwa kazi yangu, nilifikiria abiria.

Mwili wetu umeumbwa kubeba uzito wake. Mwanaanga anapoelea bila uzito, mifupa inayombeba, kama ya nyonga na miguu, hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi. Misuli husinyaa. Baadhi yao macho hubadilika. Ndiyo sababu walioko kwenye kituo cha anga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, si kwa kutafuta umbo bali waweze kusimama wakirudi. Juu ya hayo kuna mionzi, ambayo hapa duniani tunakingwa nayo na hewa na nguvu ya sumaku ya Dunia.

Aliyekaa angani muda mrefu zaidi kwa safari moja ni daktari, Mrusi Valeri Polyakov. Alikaa siku 437, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, akijipima mwenyewe kuona kama binadamu anaweza kuvumilia safari ya kwenda Mirihi. Alirudi salama. Lakini hizo ni siku 437, na safari tunayoizungumzia si ya siku.

Wapo wanaopendekeza meli kubwa ya angani ambayo watu wataishi humo vizazi kwa vizazi. Chukua mfano wa meli inayokwenda kwa asilimia moja ya kasi ya nuru, mwendo ambao hakuna chombo kilichowahi kuufikia. Safari ingechukua zaidi ya miaka 430, kama vizazi 17. Watakaoanza safari watakufa njiani. Watoto wao watazaliwa njiani na kuzikwa njiani. Na hadi leo hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa angani, kwa hiyo mwili wa mtoto anayekulia huko haujulikani utakuwaje.

Mama yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akajifunua blanketi. "Yaani umpandishe mtoto basi ambalo kituo chake hutakiona wewe, hatakiona yeye, wala mwanawe? Na hukumuuliza?"

Hakuna aliyemjibu. Sidhani kama wanasayansi nao wamemjibu.

Kusema ukweli

Nikapiga magoti mbele ya binti. "Mwaka jana nilikwambia utafika kwenye nyota. Nilikosea. Sikuwa najua, na nilikujibu ili uniache niandike. Wewe hutafika. Mimi sitafika. Hakuna mtu anayeishi leo ambaye inaonekana atafika."

Alinyamaza. Nikaogopa kwamba nimevunja kitu.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo. Nisamehe."

Akafikiri kidogo. "Na wao? Watu wa kule hawawezi kuja?"

Kama wapo watu, hatujui. Lakini nilikuwa na jibu lingine, na nilishukuru kwamba nilikuwa nimesoma. Vitu kutoka kwenye nyota nyingine vimewahi kupita kwetu. Cha kwanza kilionekana mwaka 2017 kwa darubini ya Hawaii, kikaitwa 'Oumuamua. Cha pili kilionekana Agosti 2019, nacho kilikuwa nyotamkia. Aliyekiona ni Gennady Borisov, fundi wa darubini huko Crimea, ambaye hutazama anga kwa mapenzi yake mwenyewe. Alikuwa kwenye kituo chake binafsi, akitumia darubini aliyoiunda kwa mikono yake. Leo nyotamkia hiyo inaitwa kwa jina lake. Cha tatu kilionekana Julai 2025 kwa darubini iliyoko Chile.

Kwa hiyo sisi hatuwezi kwenda, lakini kuna vinavyokuja, na kuviona kunahitaji mtu aliyetoka nje kutazama. Hilo nilimwambia bila kuongeza chumvi. Sikumwambia naye atagundua nyotamkia. Nilimwambia tu kwamba kutazama hakuna nauli.

Ukitaka kuanza kwako

Baadhi yenu mtasema nina muda kwa sababu bado sina watoto. Huenda ni kweli. Lakini haya hayazidi nusu saa:

- Chagueni usiku usio na mbalamwezi, na mahali ambapo taa haziwapigi machoni. Mjini nyota ni chache, lakini sayari kama Zuhura na Mshtarii huonekana hata katikati ya taa. Kinachong'aa bila kumetameta mara nyingi ni sayari.

- Mkihitaji mwanga, funikeni tochi kwa karatasi au kitambaa chekundu. Mwanga mwekundu hausumbui sana macho yaliyozoea giza.

- Mavazi ya mikono mirefu na suruali, hasa Pwani na maeneo ya Ziwa, maana mbu nao hutoka saa hizo. Viatu vya kufunika miguu. Watoto wasitoke peke yao.

- Darubini ya macho mawili inatosha kuona mashimo ya mwezini. Kamwe isielekezwe kwenye Jua, hata kwa sekunde moja, inaweza kupofusha.

- Kila mtoto aseme anachokiona. Akiwepo anayekunja uso, au anayesema nyota ni ukungu tu wakati wenzake wanazihesabu, mpeleke akapimwe macho. Huenda hata ubaoni haoni, na wewe unadhani hapendi shule.

- Desemba, mawingu yakiruhusu, tazameni mashariki kuanzia saa tatu usiku. Mtaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, na juu kushoto kwake kifungu cha nyota ndogo. Hicho ndicho Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima. Waulizeni babu na bibi, mtashangaa wanachokijua.

- Na mtoto akiuliza usilolijua, mwombe mpaka kesho. Kisha kesho ifike kweli.

Kuhusu lile kopo

Usiku wa mwisho kaka alipiga simu kutoka upande wa Zambia, akiwa kwenye foleni. Binti alimwamuru ashuke kwenye lori atazame kusini. Nikamsikia kaka akicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Nauona. Umelala upande kidogo." Wakauangalia wote wawili kwa dakika kadhaa bila kuzungumza, mpaka salio likaisha.

Baadaye nikamuuliza binti zile fedha za nauli atazifanyia nini. Nilitegemea aseme daftari au pipi.

"Shangazi, nauli ya Dodoma ni shilingi ngapi?"

"Ya nini?"

"Nataka nikaione ile punje ya pili ilipo."

Shilingi 7,350 hazitoshi, lakini hizo zilizobaki ninazo. Tumekubaliana ni likizo ya Desemba. Nimeshaomba ruhusa kazini, na mhariri wangu ameniandikia tarehe. Tutapita barabara ileile iliyomtapisha, tutapita Dodoma kidogo, tutashuka, tutaweka punje moja ya mahindi chini.

Tarehe hiyo amempa na baba yake. Hiyo sitaibadilisha.